Vichwa vya Kambale kutoka Mofu

Ifakara ukisema wewe ni mtafiti, mtu anakuuliza neno moja tu: "Mbu?" Hapa mtafiti ni mbu. Watu wamewazoea wanaonasa mbu, wanaolea mbu, wanaolala chini ya chandarua kwa ajili ya mbu, na hakuna anayeshangaa tena. Nikijibu kwamba mimi ni wa samaki, nyuso zinabadilika. Mama mmoja anayeuza maandazi karibu na stendi aliniuliza, bila ubaya wowote, samaki wana nini cha kutafitiwa mpaka mtu mzima aende shule miaka yote hiyo. Nikamwambia nachunguza kinga yao, namna miili yao inavyojiandaa kupambana na magonjwa. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe samaki nao wanaumwa?" Wanaumwa, mama, nikamwambia, tena sana, ila hawana pa kwenda kulalamika.

Kazi yangu imo ndani ya kitu ambacho wasafisha samaki wa sokoni wanakitupa bila kujua kwamba kipo. Mchukue kambale mchanga, inua kifuniko cha shavu lake, tazama pembe ya juu kabisa, pale mashavu mekundu yanapoishia chini ya fuvu. Kuna kinofu cheupe kimelala chini ya ngozi nyembamba, kimoja kila upande. Hiyo ndiyo thaimasi. Sisi binadamu tunayo pia, kifuani, nyuma ya mfupa wa kati, na inasinyaa kadiri tunavyokua. Ya samaki iko kichwani, na ndiyo maana kwa muda mrefu sana maisha yangu yalikuwa ni kutafuta vichwa vya samaki.

Wenzangu wa fani hii hupenda kusema thaimasi ni shule. Seli changa za kinga zinaingia hazijui kitu, zinafundishwa, zinatoka askari. Mimi neno hilo linanikera. Shule gani hiyo ambayo karibu wanafunzi wote wanafia darasani? Kila seli inayoingia mle imejitengenezea mkono wake wa kushikia, na yenyewe haijui mkono huo utashika nini. Basi inapitishwa mbele ya seli za mwili wenyewe. Ikizishika kwa nguvu mno ni ya hatari, siku moja ingeushambulia mwili uliouzaa, kwa hiyo inaamriwa ife. Hizo nazielewa. Lakini nyingi kuliko hizo ni zile ambazo hazikushika chochote. Zinapita, zinanyoosha mkono, hakuna anayeitika. Hazikukosea kitu. Hakuna anayeziua. Zinasubiri ishara ya kuambiwa baki, ishara haiji, na baada ya muda zinajimaliza zenyewe.

Na zinajimaliza kwa adabu, hilo ndilo linalouma. Seli inasinyaa, kiini chake kinajikunja na kukatika vipande, kila kipande kinafungwa ndani ya utando wake, halafu seli jirani inavimeza vyote. Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Jipu likipasuka, hicho ni kifo cha fujo. Hiki kimepangwa, kimo ndani ya seli tangu inazaliwa, kinasubiri tu sababu. Nikikata kichwa cha kifaranga cha samaki vipande vyembamba kwenye nta, nikavipaka dawa yangu ya rangi, seli zinazokufa zinageuka kahawia na nyingine zinabaki buluu. Swali langu lilikuwa jepesi kulisema: kwa kambale wa bonde hili, hizo kahawia zinaanza lini? Tangu yai linapoanguliwa hadi kifaranga kinapojitafutia chakula, ni lini hasa mwili wake unaanza kuchagua nani abaki na nani aende?

Nililea vifaranga vyangu kwenye mabeseni na matangi, nyuma ya chumba changu cha kazi. Lakini samaki wa tangi ni wa tangi. Nilihitaji pia wachanga waliozaliwa mtoni, kwenye maji yenye matope na kila aina ya ugonjwa, ili nilinganishe. Hao nilikuwa naletewa na mume wangu.

Yeye alikuwa Mndamba wa kijiji cha Mofu, mtoto wa wavuvi, fundi wa pampu za maji. Mimi ni Msukuma, nimetoka kando ya ziwa huko juu, nikaja Ifakara kwa ajili ya kazi nikamkuta amelala chini ya pampu yetu akiitukana. Tulioana. Watoto hatukujaliwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na kwa miaka mingi neno mama lilikuwa limekaa tu mdomoni halina wa kuitwa. Nilikuja kulitumia tena Mofu, kwa mama mkwe. Mara ya kwanza kumwita hivyo nilijifanya nakohoa.

Mume wangu aliugua figo, akafa. Sina njia nzuri zaidi ya kulisema. Tulimzika kwao Mofu, na siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa kikao uani. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyepewa kusema. Alisema vizuri sana, mzee wa watu, kwa sauti ya upole. Alisema, "Binti yetu, wewe bado kijana. Hukubahatika kupata mtoto hapa. Sisi hatukufungi. Uko huru. Ukitaka kurudi kwenu nenda kwa amani, ukipata mtu wa kukuoa hatutanung'unika." Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Wapo wanawake wanaolilia maneno hayo wasiyapate, wanaogombaniwa kama shamba, hilo nalijua. Lakini mimi nilikaa pale kwenye mkeka nikasikia mlango unafunguliwa nyuma yangu, na upepo wake ukaniingia mgongoni.

Nilikuwa namtazama mama mkwe tu. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, anavuta uzi kwenye pindo la kanga yake. Nilitaka aseme kitu. Aseme huyu ni wangu, au hata aseme aende, ningejua moja. Hakusema neno. Baba mdogo alipomaliza, mama alisimama, akajishika kiuno, akaenda kuangalia moto.

Nikarudi Ifakara kwenye nyumba yetu ya kupanga. Mwanzoni majirani walikuwa wanapita kusema pole, kisha wakaacha, na sikuwalaumu, kila mtu ana yake. Kupika wali wa mtu mmoja ni kazi ya kuudhi, ama unaungua ama unabaki. Nikaacha kupika. Nilikuwa nakula ndizi za kuchoma barabarani nikisimama, baiskeli zinanipita huku na huku, kila mtu ana mzigo na mahali pa kuupeleka. Kazini nilikuwa peke yangu pia, mimi na hadubini na feni iliyokuwa inalia. Kuna siku zilipita sijatumia sauti yangu kabisa, mpaka jioni ninapomsalimia muuza mchicha sauti inatoka imekwaruza, naye ananiuliza, "Dada, mafua?" Namwambia mafua.

Na picha za hadubini zilikuwa hazinisaidii. Unakaa asubuhi mpaka mchana unatazama seli za kahawia. Siku moja niligombeza kile kioo, kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani. Nikasema, "Si mngeiita hata moja tu, kwani mngepungukiwa nini?" Halafu nikaona aibu, nikaenda kunawa uso.

Aliyenisaidia siku zile ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Yeye aliendelea kuniletea vifaranga vya mtoni kama kaka yake alivyokuwa akifanya, ndani ya ndoo yenye maji kidogo, amefunika na majani. Kambale ni mgumu, anavuta hewa juu ya maji, anafika mzima. Ila ukishampokea usimguse. Samaki aliyetikiswa njiani anaingiwa na hofu, na hofu ikimwingia seli za thaimasi zinakufa kwa wingi, hata zile zilizokuwa hazina shida yoyote. Ukimkata siku hiyo hiyo utaona kahawia tupu na utadhani umegundua kitu. Kwa hiyo nilikuwa nawaweka kwenye tangi lililofunikwa, mahali pasipo na kelele, wapumzike mpaka wasahau safari.

Shemeji hakunihurumia hata kidogo, na hilo ndilo lililonipa nafuu. Anaingia na ndoo anapiga kelele toka getini kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mama ng'ombe! Msukuma gani wewe huna hata ndama, una tangi la kambale!" Namjibu, "Nyie Wandamba mkinyang'anywa mtumbwi hamwezi hata kuvuka barabara." Anakaa, anakunywa chai yangu yote, ananiambia habari za Mofu: nani kapata mpunga, nani kafukuzwa na viboko shambani. Namuuliza, "Mama je?" Anasema, "Yupo." "Ameniuliza?" Anakuna kichwa. "Shem, unamjua mama, yule hasemi."

Nitasema wazi maana sina sababu ya kuficha: nilichokuwa nasubiri kipindi kile chote ni mwanamke mmoja mzee wa Mofu aniambie kama mimi bado ni mtu wake. Basi. Mwalimu wangu wa zamani alinipigia simu kutoka Mwanza akasema kuna nafasi ya kazi, mambo ya sangara na sato, tena ni nyumbani kwenu, unasubiri nini huko kwenye matope? Nikamwambia anipe muda mpaka mvua ziishe. Aliuliza kwa nini mvua.

Mvua zilipochachamaa shemeji alihamia kambi ya uvuvi ya mbali, huko simu haishiki. Nikajua vifaranga vimekwisha. Lakini haikupita muda mrefu, mama mmoja mchuuzi wa samaki akaja na furushi kutoka Mofu. "Mkweo kakutumia." Jamani nilifurahi! Nililipokea kwa mikono miwili, nikaliweka kwenye karo, nikafungua majani. Walikuwa kambale wakubwa, wazuri, wamesafishwa na kutiwa chumvi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

Hapa lazima nieleze habari ya vichwa katika nyumba ile. Kwa mama mkwe kichwa cha samaki hakigawiwi ovyo. Yeye ndiye anayeshika mwiko wa kupakulia, na kichwa anampa mtu ambaye yeye mama anataka kumshikilia awe wake. Sijui kama ni mila ya Wandamba wote au ya jiko lake tu, sikuwahi kuuliza. Mume wangu ndiye aliyekuwa akila kichwa siku zote. Siku aliyonipeleka nyumbani mara ya kwanza, mama alipakua, akasimama na kile kichwa mwikoni, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akakitia kwenye sahani yangu. Shemeji zangu walishangilia kama mpira umeingia golini. Mume wangu alilalamika njia nzima ya kurudi Ifakara, lakini alikuwa anacheka.

Sasa unanitumia samaki, na unajua nyumba yako ina neno gani kuhusu vichwa, tena unajua kazi yangu ni vichwa, Mofu nzima inajua, halafu unavikata vyote unabaki navyo? Nilisimama mbele ya lile karo na harufu ya chumvi mpaka maji ya bomba yakamwagika sakafuni. Nikasema, haya, hilo ndilo jibu lenyewe.

Furushi la pili likaja vile vile, la tatu vile vile. Nikipiga simu kushukuru, anapokea akipaza sauti, maana anaamini Ifakara ni mbali. "Vimefika?" "Vimefika mama, asante sana." "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Anakata. Mimi nabaki na simu sikioni. Ningeuliza vipi? Mama mkwe humuulizi mbona hukunipa. Alichokupa unashika, asichokupa unanyamaza, ndiyo heshima niliyofundishwa kwetu na ndiyo niliyoikuta kwao. Kwa hiyo nilinyamaza, na hasira ikaniingia. Wale kambale niliwagawia majirani wote, sikuonja hata kipande. Niliwaza, kama ni kuniaga, mbona asiniage tu kwa mdomo? Kwa nini ananiaga kwa chumvi?

Nikampigia mwalimu wangu Mwanza, nikamwambia nakuja. Alifurahi, akaanza kunieleza habari za nyumba. Nilipokata simu nililia sana, halafu nikapanga kwenda Mofu kuaga kama mtu aliyelelewa vizuri. Sikutaka waje kusema Msukuma yule aliondoka kama mwizi.

Barabara ilikuwa imeanza kukauka. Nilipanda bodaboda, tukapita Namawala, mpunga umekwisha kuinama pande zote mbili, watoto wanafukuza ndege kwa makopo. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu ndani ya helmeti. Mama, nakushukuru kwa malezi. Mama, nimepata kazi nyumbani. Mama, nimekuja kuchukua baraka. Dereva akageuka akauliza, "Unasemaje dada?" Nikamwambia aangalie mashimo.

Nilimkuta mama yuko peke yake, shemeji bado kambini. Alikuwa amepungua. Nyumba ile niliyoizoea imejaa watu ilikuwa na kigoda kimoja uani, chake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Umekonda. Wale samaki unawapeleka wapi?" Nilikaa chini, nikanyoosha kanga yangu, nikaanza, "Mama, nimekuja kuaga..."

"Ngoja," akasema. "Kwanza uje uone vitu vyako."

Aliingia jikoni, kile kibanda chake cha nyuma, nami nikamfuata nikiinama. Moshi ulinipiga usoni nikafumba macho. Nilipofumbua niliona juu ya moto, kwenye uchanja wa miti, vichwa vya kambale. Vimepangwa safu kwa safu, vyeusi, vinang'aa mafuta, midomo wazi, ndevu zimeungua. Vya chini vilikuwa bado laini, vya juu vimekauka kama kuni. Kila furushi alilonitumia, vichwa vyake vilikuwa pale.

"Vyote vyako," akasema. "Shemeji yako alikuwa anakuletea wazima kwenye ndoo. Mimi ndoo siiwezi, mgongo huu. Nikafikiri, nikikutumia vichwa vibichi, na yule mchuuzi anavyozunguka na jua lote hili, vitakufikia vimeoza, na mwanangu kazi yake ni vichwa. Nikasema bora nivikaushe. Miili nikakutumia ule, maana najua hupiki." Akanyoosha mkono akageuza kimoja, akakipuliza majivu. "Navigeuza kila asubuhi. Kimoja paka alikichukua, nikampiga."

Sasa mtu afanye nini? Kichwa kinachokusudiwa kukatwa kwa ajili ya hadubini kinatakiwa kitiwe dawa mara tu samaki anapokufa, kabla seli hazijaanza kuharibika. Tena kiwe cha kifaranga, siyo cha kambale mkubwa ambaye thaimasi yake imekwisha kusinyaa. Hivi vilikuwa vimeiva. Vilikuwa vimeokwa juu ya moto majuma na majuma. Ndani yake hamkuwa na seli ya kahawia wala ya buluu, mlikuwa na mkaa na mafuta. Hata niliposomea kazi hii hakuna aliyenitahadharisha kwamba siku moja mtu ataniharibia sampuli kwa upendo kiasi hicho. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mama akasema ni moshi huo, toka nje.

Sikutoka. Aliniuliza, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, "Vinafaa?"

"Vinafaa sana, mama," nikasema.

Akapumua. Akaanza kuvishusha kimoja kimoja akinipa, mimi navipanga ndani ya kiroba. Baadaye kidogo akakumbuka. "Ulikuwa unasemaje pale nje? Umekuja kuaga?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kukaa siku mbili tatu."

"Ukae," akasema.

Mwalimu wangu alinikasirikia, na alikuwa na haki. Nilimwambia mambo yamebadilika. Aliuliza yamebadilikaje, nikamwambia ni mambo ya familia, na kulitamka neno hilo nikaona kama nimeliiba. Maana mama alikuwa bado hajasema lolote. Kiroba cha vichwa ni kiroba cha vichwa. Pengine alikuwa ananitendea wema tu, kama mtu anavyomtendea mjane wa mwanawe kabla hajazoea kumsahau. Nilibaki Ifakara bila uhakika, na upweke haukwenda popote. Nyumba ilikuwa ile ile, feni ile ile, ila sasa nguo zangu zote zilinuka moshi.

Ikawa ndiyo desturi. Mchuuzi analeta kiroba cha vichwa vikavu, mimi napiga simu. "Vimefika?" "Vimefika mama." "Vinafaa?" "Vinafaa sana." "Haya." Vifaranga vyangu vya kazi nilikuwa nanunua kwa wavuvi wengine, karibu na daraja, kimya kimya kama mtu anayefanya uzinzi. Vichwa vya mama nilikuwa navichemsha na nyanya na bilinganya. Kwa hiyo nilikuwa napika. Ilibidi, maana kuvitupa nisingeweza, na kuvigawa niliona vibaya.

Kazi nayo ilisogea. Katika vifaranga vyangu niliona thaimasi ikianza kama kivimbe kisicho na maana, mara seli zikaanza kumiminika, na baada ya hapo ndipo kahawia ya kwanza ikatokea. Nilichokuwa sijakitazama vizuri siku zote zile za hasira ni zile buluu chache pembeni, zinazotoka na kwenda zake mwilini. Hizo ziliitikiwa. Sikuwa nimewahi kujiuliza mwito wenyewe unaonekanaje. Kwenye kioo hauonekani. Unaona tu seli fulani haikufa.

Shemeji alirudi kutoka kambini mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, akaja kunitembelea, akafungua stoo yangu kutafuta ndoo akakuta viroba. Alicheka akakaa chini. "Shem, umeanza kuuza supu?" Nikamweleza. Nikamwapisha asiseme neno kwa mama. Akaapa, mkono juu.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu kama kawaida. Safari hii mama hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mwanangu, vile vichwa nasikia havifai. Vya moto havina kazi kwako."

Nikamlaani shemeji moyoni. "Amekuambia lini, mama?"

"Nani? Shemeji yako? Huyu hajaniambia kitu, ila tangu atoke kwako kila akiuona uchanja anacheka. Nilimuuliza bwana shamba aliyepita hapa na mambo ya mabwawa. Kabla hujaja wewe. Akaniambia, mama, kitu cha kupimwa hakipikwi."

"Kabla sijaja?" Nilivuta kiti nikakaa. "Siku ile unanionyesha ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mama, mbona uliniuliza kama vinafaa? Mbona unaendelea kuvituma?"

Nilidhani mtandao umekatika. Nikaita, "Mama? Mama, upo?"

"Nipo." Nilisikia anavuta kigoda. "Siku ile ya kikao nilinyamaza. Nilijua nikisema baki nakufunga, na wewe kijana. Na nikisema nenda, utakwenda kweli. Mimi hakuna mtu anayenipigia simu, mwanangu. Nikiacha kutuma vichwa, wewe utanipigia kuniambia nini?"